Safari ya Dar kwa Deni la Baba Mdogo

Mtu akifika umri wangu bila kuiona bahari, Singida hakuna anayemshangaa. Tuna maziwa yetu mawili, Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvi, na miamba mikubwa ya kukaa juu yake jioni, na kwa miaka mingi niliona vinanitosha. Kilichonipandisha basi mwishowe ni barua ya benki. Ilikuwa ya kurasa mbili, ina jina la mama mdogo, inamtaka alipe shilingi milioni 71 ndani ya siku 14, na deni lenyewe ni la mwanamume aliyeachana naye tangu 2021.

Niseme kidogo habari za deni hilo kabla hatujatoka stendi. Baba mdogo (bado namwita hivyo; talaka ni ya mama mdogo, mimi sikuachana na mtu) alikuwa na mashine ya kukamua alizeti pale mjini. Biashara ikakua, akafungua duka la mafuta ya kula Kariakoo, na mwaka 2019 akakopa milioni 60 za kuliongezea mtaji. Benki ilichukua rehani ya kiwanja chake cha Chanika, ikaona hakitoshi, ikataka na mdhamini. Mama mdogo ni muuguzi, ana mshahara wa serikali. Akatia saini. Miaka miwili baadaye ndoa ikavunjika. Baraza la usuluhishi lilishindwa kuwapatanisha, mahakama ikatoa talaka na kugawa mali: yeye akapewa nyumba ya Mandewa, mwenzake akapewa mashine, duka, "na madeni yote ya biashara". Maneno hayo ya mwisho mama mdogo aliyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, hukumu akaitia kwenye faili la plastiki, na faili hilo alilipakata njia nzima. Aliamini kwamba akilifungua tu mbele ya mtu wa benki, yameisha.

Aliniomba nimsindikize kwa sababu najua kukata tiketi kwa simu. Sababu ya pili aliitoa tulipokuwa tumeshapita Manyoni: akienda peke yake, ataangua kilio mbele za watu.

Mwendo wa basi mpaka Dodoma sina cha kuusimulia. Tulilala kwa mjomba, ili asubuhi tupande treni. Jogoo tuliyekuwa tumembeba kwa ajili ya mwenyeji wetu wa Dar, maana mtu wa Singida haendi ugenini mikono mitupu, mjomba alitushauri tumwache. "Hiyo treni siyo ya kuku," alisema, na asubuhi nilielewa.

Stesheni ya reli ninayoijua mimi ni banda, benchi, wauza karanga, na watu wanaokatiza reli kwa miguu. Stesheni ya treni ya umeme pale Mkonze ni jengo kubwa la vioo. Mizigo inapita kwenye mashine, kitambulisho kinaangaliwa, sauti ya kike inatangaza kutoka darini, na kuna ngazi zinazopanda zenyewe. Mama mdogo alisimama mbele ya ngazi hizo ameinua mguu mmoja, akaurudisha, akauinua tena. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Kijana wa usalama akamshika mkono: "Kanyaga tu mama, itakupeleka yenyewe." Alikanyaga huku amefumba macho. Mimi niliyafumbua yangu, lakini mkono wangu ulikuwa umeshika gauni lake.

Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000. Viti ni vya kitambaa, hewa ni ya baridi, na hakuna konda. Ilipoanza kuondoka sikujua. Niliona tu nguzo za nje zinarudi nyuma. Kisha nikaona kwenye kioo kidogo cha juu tarakimu zinapanda: 90, 120, 160. Kwetu basi likifika mia abiria wanaanza kumpigia kelele dereva, na huku hakuna aliyeinua hata kichwa. Pembeni yetu, mahali pengine karibu kabisa, ilikuwa inapita reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Babu yangu aliipanda kwenda kutafuta kazi za mkonge, safari ya kulala njiani. Kabla ya Kilosa tukaingia kwenye handaki, madirisha yakawa meusi ghafla, mtoto akapiga yowe, nami nikacheka kwa sauti. Tukatoka kwenye mwanga, tukaingia lingine. Nilifurahi sana, na furaha ile ilinitia haya, kwa sababu pembeni yangu mama mdogo alikuwa amefungua mkataba wa dhamana na kwenye handaki pia hakuacha kuutazama.

Nikauchukua nisome naye. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kurasa sita, herufi ndogo. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na picha yake ya pasipoti imegongwa mhuri wa wakili, nusu ya mhuri kwenye shavu. Alikuwa amevaa hereni za dhahabu, zile alizoziuza mwaka wa talaka ili aezeke upya nyumba. Chini yake saini yake, ya wino wa bluu, imeandikwa taratibu na kwa unadhifu, jinsi anavyojaza kadi za kliniki.

"Walikusomea?" nikauliza.

"Nani wa kunisomea, mwanangu? Baba yako mdogo alinionyesha pa kusaini. Wakili alikuwa na haraka."

Morogoro milima ya Uluguru ilikuwa imefunikwa na mawingu mpaka kiunoni. Baada ya hapo joto likaanza kuingia hata kwenye maongezi ya watu: kila anayepiga simu anamwambia wa upande wa pili amwandalie maji ya kuoga. Tulipotoka nje ya stesheni ya Dar, ile iliyojengwa kwa umbo la jiwe la tanzanaiti, hewa ilinibana kifua. Nilidhani naumwa. Binamu aliyekuja kutupokea akaniambia huu ni ubaridi, nije Januari.

Kwake Tandika tulikula wali wa nazi. Nimelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda, na wali kwetu ni chakula cha sikukuu. Hapa unapikwa siku ya kazi na hakuna anayekaa vizuri kwa ajili yake. Usiku feni ilizunguka mpaka asubuhi, na mama mdogo naye akazunguka hivyo hivyo kitandani.

Kesho yake tukaenda kwa wakili, katikati ya jiji, kwenye ghorofa ya zamani yenye ngazi za mbao. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Mama mdogo alimwekea hukumu ya talaka mezani, akaifungua pale penye mstari mwekundu, akakaa wima kusubiri. Wakili aliisoma yote, jambo lililonipa matumaini. Kisha akaisogeza pembeni, akaomba mkataba wa dhamana.

"Hukumu hii ni nzuri," alisema, "ila inazungumza kati yako na mtalaka wako. Benki haikuwepo kwenye kesi hiyo, na mahakama haikuitoa benki kwenye mkataba wake. Kwa benki wewe si mke wala mtalaka. Wewe ni mdhamini."

Nikajitia kimbelembele: benki si inapaswa kumfuata kwanza aliyekula hela, na ikimkosa ndiyo ije kwa mdhamini? Kwetu ukimdhamini mtu kwenye kikoba, kwanza wanaenda kwake, wanabeba kochi na redio, ndipo wanakuja kwako. Wakili akatabasamu. Akatueleza kifungu cha 80 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345: wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Deni likishaiva, mkopeshaji anaweza kumdai yeyote kati yao, bila kumaliza kwanza na mwingine. Nikaona ng'ombe wetu wa plau: wamefungwa nira moja, na mwenye shamba humchapa aliye karibu na fimbo, hata kama anayezembea ni yule wa upande wa pili. Mama mdogo ana mshahara unaoingia kila mwezi kwenye akaunti. Yeye ndiye aliye karibu na fimbo.

Hapo mama mdogo akalia, lile jambo nililoletwa kulizuia. Wakili hakumbembeleza. Alimpa muda, akavaa miwani, akaendelea kusoma mkataba mstari kwa mstari kwa kidole, na nilipomwona anarudi ukurasa wa pili mara ya tatu nikajua ameona kitu.

Alichoona ni hiki. Mkataba wa mama mdogo ulidhamini mkopo mmoja tu, ule wa 2019, kwa tarehe yake na kiasi chake. Barua ya benki ilidai milioni 71, lakini kiambatanisho kilionyesha kwamba milioni 46 ndizo zilizobaki kwenye mkopo huo, na 25 ni za mkopo mwingine wa mwaka 2022, wakati talaka imeshatoka. Milioni 25 hizo hazikuwa na saini yake popote. "Nimeshaona mikataba inayosema mdhamini anabeba madeni yote, ya sasa na ya baadaye," alisema. "Wako hausemi hivyo. Sijui ni bahati au karani alichukua fomu ya zamani." Sheria, akaongeza, inamlinda mdhamini hata zaidi: mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti ya mkopo bila ridhaa yake, mdhamini anaweza kutoka kwa yale yanayofuata. Tuandike barua. Tupinge milioni 25, tudai taarifa kamili ya akaunti, tuulize kama masharti ya mkopo wa kwanza yaliguswa walipotoa wa pili.

Jambo lingine lilinishangaza mimi zaidi. Mama mdogo alikuwa amejiona ameshapoteza nyumba ya Mandewa. Wakili akamuuliza kama aliiweka rehani. Hapana. Basi benki haiwezi kuipiga mnada kwa barua tu; lazima iende mahakamani, ishinde, ndipo iombe kukamata mali. Na hata hapo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Kinga hiyo haigusi vyumba vya uani alivyopangisha. Kiwanja cha Chanika ndicho chenye rehani. Hicho benki inaweza kukiuza baada ya kutoa notisi ya siku 60 na kutangaza mnada. Na chochote mama mdogo atakacholipa, anaweza kumdai baba mdogo, na hapo sasa ile hukumu yenye mstari mwekundu itakuwa na kazi.

"Kwa hiyo haikuandikwa bure," mama mdogo alisema, na akaufuta uso.

Benki tulikwenda na barua yetu, nakala tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Singida tunajua wakopeshaji wa kausha damu: wanakuja wanne, wanakaa sebuleni, wanapaza sauti ili jirani asikie, godoro linatoka nje mchana kweupe. Ghorofa ile ilikuwa kimya, zulia linameza hatua, na baridi ilimfanya mama mdogo ajitande khanga ya pili. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alimwamkia shikamoo. Alituletea maji. "Mama, sisi hatuna ugomvi na wewe," alisema, na akaeleza, kwa upole ule ule, kwamba wakishindwa kuelewana faili litakwenda mahakamani, na kwamba jina la mama mdogo limeshapelekwa kwenye taarifa za wakopaji wasiolipa, hivyo asitegemee kupata mkopo kwingine. Nilitamani angefoka. Ningejua pa kumshika.

Faili lake lilikuwa nene. Alipolifungua nikaona ile picha ya hereni, nakala halisi, imefifia kidogo. Alisoma barua ya wakili, akatazama kiambatanisho chao wenyewe, akanyanyuka kwenda kuongea na mtu nyuma ya kioo. Aliporudi hakukubali wala kukataa. Alisema suala la milioni 25 "litapitiwa", na kwamba barua ipelekwe dirisha la masijala igongwe mhuri wa kupokelewa. Mama mdogo hakuondoka dirishani mpaka nakala zake mbili zilipogongwa, zenye tarehe inayosomeka.

Lilikuwa shauri la binamu kwamba tusiende dukani kwa baba mdogo. Mama mdogo akasema amekuja kilomita zote hizi, lazima akaone milioni 60 zinafananaje.

Kariakoo siwezi kuieleza vizuri. Siku ya mnada kwetu watu ni wengi lakini kila mtu anakwenda mahali. Hapa ilionekana kila mtu anarudi kutoka mahali, wote kwa wakati mmoja, na katikati yao mikokoteni, maguta, wanaouza soksi kwa kipaza sauti. Nilikanyagwa, nikaombwa radhi na aliyenikanyaga huku ananiuzia chaja. Duka lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Madumu ya lita 20 yalipangwa mpaka darini, karibu yote mafuta ya mawese. Ya alizeti yalikuwa safu moja chini, vumbi juu ya vifuniko. Nilinusa mashudu, harufu ya nyumbani, nikajua magunia yako nyuma.

Baba mdogo hakuwepo. Alikuwepo mke wake, binti wa makamo yangu, mtoto mgongoni. Alitujua mara moja. Nikamshika mama mdogo mkono, kwa sababu kwetu mambo haya huwa hayaishi vizuri.

"Shikamoo dada," yule binti alisema.

Palipita kimya. "Marahaba," mama mdogo akajibu, "mwenye duka yuko wapi?"

"Ameenda benki. Anafuatilia nyongeza."

"Nyongeza ya nini?"

"Ya mkopo." Akatuvutia viti, akamtuma mtoto wa jirani soda. "Na mimi wananisumbua, dada. Si nilisaini ule wa pili."

Alikuwa na nakala yake kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti. Kiingereza changu ni cha sekondari ya kata, lakini siku mbili hizi kilikuwa kimenolewa. Nikatafuta kwa kidole, namna nilivyomwona wakili akitafuta. Ukurasa wa pili, kifungu cha tatu: madeni yote ya mkopaji kwa benki, yaliyopo na yatakayokuwepo. Nikasoma, nikatafsiri, nikarudia kusoma nisije nikamwonea.

"Mimi nilidhamini milioni 25," yule binti alisema.

"Umedhamini na zangu," mama mdogo akamwambia. "Na hizo anazozifuata leo."

Sikuwa nimewahi kumwona mama mdogo akiwa kazini, na nadhani huyo ndiye niliyemwona pale: muuguzi anayempa mgonjwa majibu bila kupunguza na bila kumtisha. Akampigia wakili simu, akaiweka sauti kubwa. Wakili akasema kwa zile milioni 46 wote wawili ni wadhamini wa deni moja, na atakayelipa zaidi ya fungu lake anaweza kumdai mwenzake. Kwa yaliyopita hakuna kurudi nyuma. Lakini dhamana ya namna hiyo inaweza kusitishwa kwa mikopo ijayo, kwa notisi ya maandishi kwa benki, kwa kufuata utaratibu uliowekwa kwenye mkataba. Na notisi isiyofika kabla ya mkopo kutoka haisaidii kwa mkopo huo. Karani wake angeweza kuichapa sasa hivi. Yule binti alitazama mlangoni, akamtazama mtoto, akasema mume wake atakasirika. "Atakasirika," mama mdogo alikubali. Hakumwongezea neno. Alikunywa soda yake mpaka mwisho, akaaga.

Nilimwambia sirudi Singida bila kuiona bahari kwa karibu, kwa hiyo tukapanda mwendokasi mpaka Kivukoni, tukalipa shilingi 200 kila mmoja, tukaingia kwenye pantoni ya kwenda Kigamboni tukiwa tumebanwa kati ya bajaji na wanawake wa ndoo za samaki. Maji yalikuwa ya kijani, wala siyo ya buluu ya kwenye kalenda, na yalikuwa yanapumua. Ziwa Singidani halipumui. Nilichovya kidole kwenye matone yaliyoruka ukingoni nikalamba. Chumvi yetu ni kali zaidi, niliridhika. Nilitaka kumwambia mama mdogo, lakini alikuwa kwenye simu, ameziba sikio moja kwa sababu ya injini.

"Umefika? … Foleni ni kubwa? … Hapana, usimwachie mlinzi, ikae mkononi mwako mpaka dirishani. Wanafunga saa tisa." Akasikiliza. "Wamegonga? Nakala yako iko wapi? … Tarehe inasomeka?" Akasikiliza tena, uso umekunjamana. "Basi rudi. Rudi sasa hivi, mwambie agonge tena, tarehe ionekane."